Mwamba Ngoma wa Florida

Kipande cha karatasi kinachodondoka mtu anapotoboa kadi ya kura hakizidi punje ya mtama. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa tarehe 7 Novemba 2000, kaunti kadhaa za jimbo la Florida zilikuwa bado zinatumia kadi za namna hiyo. Mpiga kura aliingiza kadi yake katika kifaa, akashika kijiti chenye ncha, akatoboa mkabala na jina la amtakaye, na baadaye mashine ikasoma matundu. Kipande kikidondoka, kura imesomwa. Kikibaki kinaning'inia kwa pembe moja, au kikibonyea tu bila kuachia, mashine inaweza isione kitu. Wamarekani wanakiita chadi. Kwa siku 36 dunia nzima ilijifunza neno hilo, maana urais wa nchi yenye nguvu kuliko zote ulikuwa umekwama kwenye chadi.

Kila uchaguzi wa karibu unapotokea, watu huuliza nani ameiba. Ni swali la haki na lisiachwe kuulizwa. Lakini kisa cha Florida kinanisumbua kwa sababu nyingine: pale, pande mbili zenye mawakili hodari kuliko wote nchini ziliweza kuufukia ukweli wa sanduku la kura bila mtu kuhitaji kuiba karatasi hata moja. Kila upande ulivuta sheria kwake kama mwamba ngoma, na ngozi ikapasuka.

Usiku ule televisheni zilimpa Al Gore wa chama cha Democratic ushindi wa Florida kabla hata ya saa mbili, kisha zikaifuta kauli yao. Baada ya saa nane za usiku zikampa George W. Bush wa Republican. Gore akampigia simu mwenzake kumpongeza, akaondoka hotelini mjini Nashville kwenda kuwaaga wafuasi wake waliokuwa wakimsubiri kwenye mvua. Kabla hajapanda jukwaani wasaidizi wake wakamzuia: tofauti ilikuwa inayeyuka. Akapiga simu ya pili, akayarudisha maneno yake. Asubuhi Bush alikuwa mbele kwa kura 1,784 kati ya karibu milioni sita zilizopigwa jimboni humo. Nchi nzima Gore mwishowe aliongoza kwa zaidi ya nusu milioni, ila Marekani rais hupatikana kwa wajumbe wa majimbo. Walihitajika 270, Florida ilikuwa na 25, na bila hao hakuna kati ya wawili hao ambaye angefika.

Sheria ya Florida ilisema tofauti ikiwa nusu asilimia au pungufu, mashine zihesabu tena. Zikahesabu. Zile 1,784 zikashuka hadi mia tatu na kitu. Hapo ndipo wengi walipoelewa kwamba mashine hazitaweza kuamua, na kwamba lazima macho ya binadamu yazitazame kadi.

Sasa angalia kwa makini, maana kosa la kwanza lilifanyika mapema sana, na lilifanywa na yule ambaye wengi bado wanamhesabu kuwa ndiye aliyedhulumiwa.

Sheria iliruhusu mgombea au chama chake kuomba kura zihesabiwe kwa mkono, lakini ombi lilipelekwa kaunti kwa kaunti, tena ndani ya saa 72. Florida ina kaunti 67. Watu wa Gore, wakiongozwa na Warren Christopher aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, waliomba katika nne tu: Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia. Zote nne zilikuwa zimempa Gore kura nyingi kuliko Bush.

Sababu za kuomba zilikuwepo, sitaki kuzificha. Volusia usiku wa uchaguzi kompyuta ilikuwa imemwandikia Gore kura 16,022 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana hata kwa ndoto. Palm Beach ilikuwa na karatasi iliyochorwa kama mbawa za kipepeo: majina kushoto, majina kulia, matundu katikati. Jina la Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan aliyeandikwa upande wa kulia. Tundu la Gore lilikuwa la tatu. Afisa aliyeibuni karatasi hiyo alitaka maandishi yawe makubwa ili wazee, ambao ni wengi katika kaunti ile, wasome bila shida. Nia njema ikazaa msiba. Buchanan alipata kura 3,407 katika kaunti ambayo mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi kati yake haziwezi kuwa zake. Kadi nyingine zaidi ya 19,000 zilitobolewa mara mbili, zikatupwa.

Basi sababu zilikuwepo Palm Beach na Volusia. Zilikuwepo vilevile Duval, kaunti ya mji wa Jacksonville, ambako majina ya wagombea urais yaligawanywa kurasa mbili na watu walikuwa wameambiwa wapige kura kila ukurasa. Zaidi ya kadi 26,000 zilikataliwa huko, nyingi zikitoka mitaa ya watu weusi. Duval kwa jumla ilimpa Bush ushindi mkubwa. Haikuwemo katika zile nne. Saa 72 zikapita.

Kauli mbiu ya upande wa Gore ilikuwa kwamba kila kura ihesabiwe. Ni maneno mazuri, na naamini wengi walioyasema waliyaamini. Lakini ukisema kila kura kisha ukaenda kuomba za nyumbani kwako tu, msikilizaji anasikia ombi, hasikii kauli mbiu. Tarehe 15 Novemba Gore alijitokeza kwenye televisheni akamwambia Bush: tumalize kuhesabu kaunti tulizoomba, au ukipenda tuhesabu zote 67, nami nitayakubali matokeo. Bush akakataa usiku uleule. Kwa maoni yangu toleo lile lilikuwa la haki kabisa, ila lilitolewa mahali pasipo na karani wa kulipokea. Mawakili wake hawakulipeleka mahakamani kama dai. Likabaki hotuba.

Upande wa Bush uliongozwa na James Baker, naye pia Waziri wa zamani wa Mambo ya Nje. Mkakati wake ulikuwa mfupi: tuko mbele, kwa hiyo kila siku inayopita bila kuhesabu ni yetu. Tarehe 11 Novemba walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho kuzuia kuhesabu kwa mkono. Chama ambacho kwa miaka mingi kilihubiri kwamba majimbo yaachiwe mambo yao kilikuwa cha kwanza kukimbilia kwa majaji wa shirikisho. Walidai kwamba macho ya binadamu hayaaminiki na mashine ndiyo yenye uadilifu. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mgombea wao huyohuyo, akiwa gavana wa Texas, alikuwa ametia saini sheria inayoruhusu hata kadi zilizobonyea zihesabiwe kwa mkono.

Afisa wa kutangaza matokeo alikuwa Katherine Harris, Katibu wa Jimbo la Florida. Alikuwa pia mmoja wa wenyeviti wa kampeni ya Bush katika jimbo hilo. Gavana Jeb Bush, ndugu wa mgombea, alijitoa katika tume ya kuthibitisha matokeo. Harris hakujitoa. Akashikilia kwamba hesabu zote zimfikie saa kumi na moja jioni ya tarehe 14 Novemba, siku saba baada ya uchaguzi, huku kaunti kubwa zikiwa ndio kwanza zimeanza kupanga meza. Huenda aliisoma sheria kama alivyoielewa. Lakini refa aliyevaa jezi ya timu moja hata akipuliza filimbi kwa haki, nusu ya uwanja haitamsikia. Mahakama ya juu ya Florida, ambayo majaji wake wengi waliteuliwa na magavana wa Democratic, ikasogeza siku ya mwisho hadi tarehe 26. Nusu nyingine ya uwanja nayo ikaacha kusikia.

Tuingie vyumba vya kuhesabia, kwa kuwa humo ndimo sheria inapokutana na karatasi. Sheria ya Florida ilisema itafutwe nia ya mpiga kura. Haikusema nia inaonekanaje. Palm Beach walianza kwa kufuata mwongozo wao wa mwaka 1990, kisha wakajaribu kuinua kadi kwenye mwanga waone kama unapenya, kisha wakabadili tena. Broward walikuwa wakarimu zaidi kwa kadi zilizobonyea. Kuna picha ya jaji mmoja wa Broward iliyozunguka dunia nzima: amekodoa jicho nyuma ya kioo cha kukuzia, ameshika kadi mbele ya uso, kama sonara anayekagua kito. Kadi ileile ingekuwa kura halali Broward na takataka kaunti ya jirani.

Miami-Dade, tarehe 22 Novemba, bodi iliamua kuhesabu tu kadi zipatazo 10,750 ambazo mashine hazikuona chaguo la rais, ikahamia chumba kidogo. Nje walikusanyika watu waliovaa vizuri, wengine wakiwa wasaidizi wa wabunge wa Republican waliosafirishwa kutoka Washington, wakapiga kelele na kugonga milango. Siku hiyohiyo bodi ikasimamisha kazi yote. Ilisema sababu ni muda hautoshi.

Halafu zikaja kura za posta kutoka ng'ambo, nyingi za wanajeshi. Hapa pande zote mbili ziligeuka kama chapati kwenye kikaango. Wanasheria wa Democratic, wale wa kila kura ihesabiwe, walisambaza waraka wa kuelekeza jinsi ya kuzipinga zisizo na mhuri wa posta au saini sahihi. Warepublican, wale wa sheria ni sheria, walitaka zipokelewe hata zikiwa na kasoro, na kilio chao kuhusu askari walioko ng'ambo kikawa kikubwa mpaka tarehe 19 Novemba mgombea mwenza wa Gore, Joe Lieberman, akasema kwenye televisheni kwamba wapewe nafuu. Baadaye gazeti la The New York Times lilipozichunguza kura 2,490 za ng'ambo zilizokubaliwa, lilikuta 680 zilikuwa na kasoro. Wakati huohuo wafuasi wa Democratic walikuwa mahakamani wakitaka maelfu ya kura za posta za kaunti za Seminole na Martin zitupwe, kwa kuwa watu wa chama cha Republican waliruhusiwa kujaza namba zilizokosekana kwenye fomu za maombi. Mpiga kura mwenyewe hakuwa na hatia yoyote. Majaji, kwa busara, waliyakataa maombi hayo.

Nakijua kishawishi hiki. Niliwahi kuwa wakala wa chama katika kituo kilichokuwa darasa la shule ya msingi. Tulihesabu usiku kwa taa ya karabai. Ikainuliwa karatasi yenye alama ya vema juu ya picha ya mgombea wangu, nje kabisa ya kisanduku. Nikasimama: nia iko wazi, hii ni halali. Haukupita muda ikainuliwa nyingine iliyo vilevile, ya mpinzani. Mdomo wangu ukafunguka kabla akili haijafika: imeharibika hiyo! Mama msimamizi hakunijibu. Alizishika karatasi mbili, moja kila mkono, akazionyesha kwa mawakala wote, akaziweka zote mbili kwenye mafungu ya kura halali. Mpaka leo naona haya nikikumbuka, na namshukuru.

Florida haikuwa na mama yule. Ilikuwa na bodi 67.

Jioni ya tarehe 26 Novemba, Harris alimtangaza Bush mshindi kwa kura 537: 2,912,790 dhidi ya 2,912,253. Palm Beach, waliopumzika Sikukuu ya Shukrani wakati wenzao wa Broward wakiendelea kuhesabu, walimaliza yapata saa mbili baada ya muda, na hesabu yao haikupokelewa. Gore akaenda kupinga matokeo mahakamani. Tarehe 8 Desemba mahakama ya juu ya Florida, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikaamuru kadi zote ambazo mashine hazikuona chaguo la rais zihesabiwe kwa mkono jimbo zima. Kesho yake meza zikapangwa, kazi ikaanza, na mchana Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamuru isimame. Tarehe 12 Desemba usiku ikatoa hukumu.

Majaji saba kati ya tisa waliona kasoro ileile: kura hazipimwi kwa kipimo kimoja, na raia wawili waliofanya kitendo kilekile wanapata matokeo tofauti kwa kuwa wanaishi kaunti tofauti. Watano kati yao wakasema muda umekwisha, hakuna kurudi nyuma. Wakaongeza kwamba hoja yao inahusu mazingira ya kesi ile tu. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote. Kanuni ikiwa ya haki, kwa nini isimfae mtu wa kesho? Na muda uliokwisha, ni nani aliyeula? Sehemu kubwa ililiwa na mkakati wa kuchelewesha, kisha waliouchelewesha wakapewa zawadi kwa sababu umechelewa.

Lakini sehemu ya kosa la kipimo ilitoka upande wa pili. Gore na mawakili wake walikuwa na wiki ya kwanza nzima ya kudai kaunti zote 67 kwa kipimo kimoja. Pengine wangekataliwa. Sheria ilikuwa nzito na njia yake haikunyooka. Hata hivyo dai lingekuwa mezani, na hoja ya usawa, iliyokuja kuwaangusha, ingekuwa yao tangu mwanzo. Waliichagua njia nyepesi, penye kura zao, wakimwachia mpinzani silaha kali kuliko zote.

Mwaka 2001 muungano wa vyombo vya habari uliiajiri taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago izikague kadi zote zilizokataliwa, takriban 175,000, moja baada ya nyingine. Matokeo yalitoka Novemba mwaka huo, nchi ikiwa bado inalia na mashambulizi ya Septemba, na wengi hawakuyatilia maanani. Kama zile kaunti nne zingemaliza kuhesabu jinsi Gore alivyoomba, Bush angebaki mshindi kwa kura kama 225. Kama hesabu ya Desemba ya kadi zisizosomeka ingeachwa iendelee, kwa vipimo vingi Bush angeshinda pia. Lakini kama kadi zote zilizokataliwa zingetazamwa jimbo zima, pamoja na zile zilizotupwa kwa kuonekana na chaguo zaidi ya moja, Gore angepita, kwa kura kati ya 60 na 171 kulingana na kipimo. Baadhi ya kura hizo zilikuwa za watu waliojaza alama kwenye jina la mgombea kisha, kwa kuhakikisha, wakaliandika jina lilelile pale chini. Nia yao ilikuwa wazi kama mchana. Mashine iliona alama mbili, ikatupa. Kura za namna hii zilikuwemo katika kaunti kama Lake, ngome ya Bush, ambako hakuna mtu wa Gore aliyefikiri kwenda kutafuta.

Tafakari hapo, msomaji. Bush alipigana kufa na kupona kuzuia hesabu ambazo zingempa ushindi, akaingia Ikulu kwa kura ya jaji mmoja, na watu wengi nchini wakamwona mvamizi. Gore aliomba hesabu ambayo ingemshinda na akaacha ile ambayo ingemwinua. Wahenga walituonya kwamba mtaka yote hukosa yote. Huyu alitaka robo, akakosa yote.

Siwezi kuudharau mwisho wake, kwani alijua kushindwa. Tarehe 13 Desemba aliwaambia Wamarekani kwamba hakubaliani na uamuzi wa mahakama lakini anaupokea. Nchi haikumwaga damu. Bunge likapitisha sheria mwaka 2002 ya kusaidia majimbo kuachana na kadi za kutoboa.

Tarehe 6 Januari 2001 mabunge mawili yalikutana kuhesabu kura za wajumbe. Kwa kuwa Gore alikuwa Makamu wa Rais, ndiye aliyekalia kiti. Ilipofikiwa Florida, wawakilishi weusi walisimama mmoja mmoja kupinga, wakieleza habari za watu wao ambao kura zao zilitupwa. Kati yao alikuwamo Corrine Brown wa Jacksonville, mji wa zile kadi 26,000 za Duval. Utaratibu ulitaka pingamizi liwe na saini ya mwakilishi na ya seneta mmoja. Maseneta wa Democratic walikuwa 50, na hakuna hata mmoja aliyetia saini. Kila aliposimama mtu, Gore alimuuliza kwa upole kama ana saini ya seneta. Hakuwa nayo. Nyundo ikagongwa, pingamizi halikupokelewa, mwingine akasimama, nyundo ikagongwa tena. Mwishowe wakaondoka ukumbini pamoja, na Gore akaendelea kusimamia hesabu ya majimbo yaliyobaki.